Kiungo cha utafutaji wa katalogi kinachodumu: jibu kwa mwalimu wa fasihi

Swali lililoletwa ni hili: "Ninafundisha fasihi ya Kiswahili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Muhula uliopita nilitafuta vitabu vya ushairi kwenye katalogi ya maktaba yetu, nikanakili linki ya matokeo na kuiweka kwenye mwongozo wa somo. Mimi nikiibofya inafunguka. Wanafunzi wengine wanaambiwa muda wa kikao umekwisha, wengine wanarudishwa ukurasa wa mwanzo, na mmoja anayekaa Kitengela anasema kwake haifunguki kabisa. Nifanyeje nipate linki ya utafutaji itakayodumu angalau miaka mitatu?"

Mwalimu, hitilafu ulizozieleza hazina chanzo kimoja. Nitaanza na ile ya kikao kwa sababu ndiyo inayoua viungo vingi zaidi. Kisha nitakuomba uamue jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo litakaloonyesha kama mwongozo wako utamfaa mwanafunzi wa mwaka wa tatu: unataka kidumu nini, swali lako au majibu uliyoyapata siku ile?

Katalogi ya maktaba kwenye intaneti ni programu inayokaa kwenye seva. Ukiandika "ushairi" na kubofya Tafuta, kivinjari chako lazima kilifikishe neno hilo kwenye seva. Zipo programu zinazoliandika ndani ya anwani yenyewe, pale juu ya ukurasa, ukaliona kwa macho yako. Zipo nyingine, hasa za zamani, zinazolipeleka chini kwa chini. Seva inafungua kikao, inayaweka matokeo yako kwa muda, kisha inakupa nambari ya kikao hicho. Nambari hiyo ni kama kikaratasi cha foleni unachokichukua ukiingia benki: kinakuhusu wewe, saa ile, katika tawi lile. Ukimpa mtu mwingine kesho yake hakimfikishi dirishani.

Tazama anwani hizi mbili za kubuni:

https://katalogi.mfano.ac.ke/matokeo?kikao=8F3A91C7&seti=2&ukurasa=1

https://katalogi.mfano.ac.ke/cgi-bin/koha/opac-search.pl?q=ushairi

Ya kwanza haisemi ulitafuta nini. Inasema tu kwamba kuna kikao 8F3A91C7 na seti ya pili ya matokeo ndani yake. Seva ikishafunga kikao, na wakati mwingine hufunga baada ya dakika chache tu za kimya, anwani hiyo haina maana tena. Ya pili imebeba swali lenyewe. Yeyote atakayeifungua, leo au mwakani, seva itasoma neno "ushairi" na kutafuta upya. Huo ndio msingi wa kiungo cha utafutaji kinachodumu: anwani ibebe swali, isibebe ziara yako.

Kwa nini basi kwako inafunguka? Kwa sababu kivinjari chako kimehifadhi kidakuzi kinachokutambulisha kwa seva, au hujatoka kwenye akaunti yako ya maktaba. Kompyuta yako ni shahidi asiyefaa katika kesi hii. Kabla hujaweka kiungo popote, kifungue kwenye dirisha fiche la kivinjari, ambalo halina kumbukumbu ya ziara zako, kisha kifungue kwenye simu ukiwa umezima Wi-Fi ya chuo na kutumia data. Likifeli lolote kati ya hayo mawili, wanafunzi wako nao watafeli.

Jaribio la data ndilo litakalokueleza habari za mwanafunzi wa Kitengela. Tazama mwanzo wa anwani uliyomtumia. Ukiona tarakimu zinazoanza na 192.168 au 10. badala ya jina la maktaba, basi ulinakili anwani ya ndani ya mtandao wa chuo. Anwani za namna hiyo zimetengwa kwa matumizi ya ndani na hazifikiki kutoka nje, hata mwanafunzi awe na bando kubwa kiasi gani. Hilo wewe huwezi kulirekebisha. Muulize mkutubi jina la katalogi linalofunguka nje ya chuo, na ikiwa halipo, ombi la kuliweka lipitie idara yako kwa barua. Mwanafunzi anayetoka Kitengela au Rongai kuja mjini hutumia nauli na saa nyingi barabarani. Ni haki yake kujua kabla hajapanda matatu kama kitabu kiko rafuni.

Sasa turudi kwenye swali na majibu. Kiungo cha utafutaji hutafuta upya kila kinapofunguliwa. Maktaba ikinunua diwani tano mpya mwezi ujao, zitatokea zenyewe bila wewe kugusa mwongozo. Kitabu kikipotea na rekodi yake kufutwa, nacho kitatoweka. Hiyo ni faida kubwa kama lengo lako ni kumwambia mwanafunzi, "haya ndiyo tuliyo nayo kuhusu ushairi, vinjari." Lakini kama kuna vitabu vinne ambavyo lazima avisome kabla ya mtihani, kiungo cha utafutaji ni chombo kisichofaa. Hivyo vinne vinahitaji viungo vya rekodi, kimoja kwa kila kitabu, nami nitavifikia. Miongozo mingi niliyowahi kuombwa kuitengeneza ilikuwa imechanganya mambo haya mawili: mwalimu alitaka kitabu fulani, akaweka kiungo cha utafutaji ambacho siku ile kilikitoa kitabu hicho juu kabisa, na baada ya mwaka kikawa ukurasa wa pili.

Nachukulia kwamba katalogi yenu ni Koha, maana ndiyo inayotumika katika maktaba nyingi za vyuo hapa Kenya. Ni programu huria iliyoanzia katika maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na sifa yake moja njema ni kwamba anwani zake za utafutaji zinasomeka. Baada ya alama ya kuuliza huja vipande vilivyotenganishwa na alama ya &. Kipande cha q ndicho chenye swali. Ukitaka kutafuta katika kichwa cha kitabu pekee unaandika ti: mbele ya neno, mwandishi ni au:, na mada ni su:. Kwa hiyo kiungo cha vitabu vyenye neno "mashairi" kwenye kichwa ni hiki:

https://katalogi.mfano.ac.ke/cgi-bin/koha/opac-search.pl?q=ti:mashairi&sort_by=pubdate_dsc

Kipande cha mwisho kinaagiza vitabu vipangwe kwa mwaka wa kuchapishwa, vipya vikitangulia. Mimi hukiongeza karibu kila mara, kwa kuwa mwanafunzi anayerudi kwenye kiungo kilekile muhula hadi muhula anaona mara moja kilichoongezeka.

Anwani unayoipata baada ya kutafuta kwa kawaida huwa na vipande vingi kuliko hivi. Vipunguze. Futa kimoja, bonyeza Enter, uone kama matokeo yamebaki yaleyale. Kama yamebaki, kipande hicho hakikuwa na kazi. Kiungo kifupi kina sehemu chache za kuharibika. Lakini kuna vipande viwili vya kuviangalia kwa jicho kali. Kimoja ni offset: ukinakili kiungo ukiwa ukurasa wa pili, kitasema offset=20 au mfano wake, na wanafunzi wako wataruka vitabu ishirini vya kwanza bila kujua. Kingine ni limit=available, kinachoingia ukibofya kichujio cha vitabu vilivyopo rafuni. Kiungo chenye kipande hicho huonyesha kitu tofauti asubuhi na jioni, kulingana na nani ameazima nini. Nimeona mwalimu akidhani vitabu vimeibwa, kumbe vimeazimwa na darasa lake mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi hapa, nalo linahusu somo lako hasa. Ukitafuta "ushairi" kwenye sehemu ya mada, huenda ukapata vitabu vichache mno, ukafikiri maktaba ni maskini. Sababu ni kwamba vyuo vikuu vingi hapa nchini huandika mada kwa kufuata orodha ya vichwa vya mada ya Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, na orodha hiyo ni ya Kiingereza. Diwani ya Kiswahili iliyochapishwa hapa Nairobi, kwa kurasa zote za Kiswahili, kwenye katalogi iko chini ya mada Swahili poetry. Kiungo kinachodumu lakini kinauliza swali lisilo sahihi kitadumu kukosea. Kwa hiyo tafuta kwanza kitabu kimoja unachokijua vyema, fungua rekodi yake, usome mkutubi amekiweka chini ya mada zipi, kisha tumia maneno hayohayo ndani ya kiungo:

https://katalogi.mfano.ac.ke/cgi-bin/koha/opac-search.pl?q=su:%22Swahili%20poetry%22

Alama hizo za asilimia zisikutishe. Anwani ya intaneti haipokei nafasi wala alama za kunukuu zikiwa tupu, kwa hiyo nafasi huandikwa %20 na alama ya kunukuu %22. Kivinjari hukuandikia chenyewe ukitafuta kwa njia ya kawaida. Shida huanza pale mtu anapoandika kiungo kwa mkono na kuacha nafasi ndani yake: akikituma kwa WhatsApp, kiungo kinakatika palepale penye nafasi, mwanafunzi anabofya nusu ya swali.

Na vichwa vya mada navyo hubadilika. Nchi iliyoitwa Swaziland ilipobadili jina kuwa Eswatini mwaka 2018, maktaba zilianza kurekebisha rekodi zake, na kiungo kilichokuwa kikitafuta jina la zamani kwenye sehemu ya mada huweza kubaki na vitabu visivyosahihishwa tu. Kwa ushairi wa Kiswahili hatari hiyo ni ndogo. Lakini kama mada yako inagusa mambo ambayo lugha yake inabishaniwa, kama uhamiaji au ulemavu, kagua kiungo mara moja kila mwaka.

Majina ya waandishi ndiyo yenye miiba mingi kuliko yote, na mfano wa karibu ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa jina James Ngugi. Jina lake lina ũ na ĩ, ambazo ndani ya anwani huwa %C5%A9 na %C4%A9, na baadhi ya katalogi huzichukulia sawa na u na i za kawaida, nyingine haziko radhi. Halafu kuna ile ritifaa. Ukiiandika kwenye kivinjari huwa ' iliyonyooka, yaani %27. Ukipitisha jina kwenye programu ya kuandikia barua, programu inaigeuza kuwa ’ iliyopinda, ambayo kwa seva ni herufi nyingine kabisa, %E2%80%99. Kiungo kinaonekana sawa machoni, matokeo ni sifuri. Mwanafunzi hataelewa kwamba ni alama moja tu. Atasema maktaba haina vitabu vya Ngũgĩ.

Dawa yake ni kutotegemea jina. Maktaba inayofanya kazi yake vizuri hutunza rekodi moja kwa kila mwandishi, yenye maumbo yote ya jina lake, na rekodi hiyo ina nambari. Vitabu vyote huunganishwa na nambari hiyo hata kama jalada moja lina jina la zamani na lingine jipya. Kwenye Koha, fungua rekodi ya kitabu chochote cha mwandishi huyo na ubofye jina lake. Ikiwa anwani inayofunguka ina q=an: ikifuatwa na tarakimu, una bahati: hicho ndicho kiungo cha mwandishi kilicho imara kuliko vyote, kwa sababu hakina tahajia ya kukosewa. Ikiwa inafungua au: na jina, basi maktaba bado haijaunganisha rekodi zake, na ni jambo la kumkumbusha mkutubi kwa upole. Kazi hiyo ni ndefu na haionekani, na anayeifanya hupata shukrani chache.

Njia hiyohiyo ya kukwepa tahajia ipo kwa lugha. Katika rekodi za maktaba, Kiswahili huwekewa msimbo swa. Ukichuja matokeo kwa lugha, msimbo huo utauona kwenye anwani, nao haubadiliki iwe mkutubi anafanyia kazi Nairobi au London. Nambari ya rafu nayo husaidia. Katika mfumo wa Library of Congress, lugha na fasihi ya Kiswahili ziko PL8701 hadi PL8704. Katika mfumo wa Dewey, unaotumika katika maktaba nyingi za umma, fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Ukiziandika kwenye mwongozo pamoja na kiungo, mwanafunzi aliyesimama kati ya marafu simu ikiwa imezimika chaji bado ana mahali pa kwenda.

Tuje kwenye vile vitabu vinne vya lazima. Hapa unataka kiungo cha rekodi. Kila rekodi kwenye Koha ina nambari yake, na anwani yake huishia biblionumber=4127, kwa mfano. Mara nyingi Koha huelewa pia umbo fupi, /bib/4127 baada ya jina la katalogi, nalo ni rahisi kuandika ubaoni. Katika programu nyingine za katalogi utakuta kitufe kinachosema kiungo cha kudumu. Kikiwepo, kitumie hicho na uache anwani iliyo juu ya ukurasa, maana wenye programu wamekiweka kwa kujua kwamba ile ya juu haiaminiki. Nambari ya rekodi ina udhaifu mmoja: ni ya maktaba hiyo pekee. Mkutubi akikuta rekodi mbili za kitabu kimoja, huziunganisha, na nambari moja hufa. Maktaba ikihamia programu nyingine, nambari zote huweza kubadilika kwa mkupuo.

Ndiyo maana kwa kitabu muhimu napenda kuandika nambari inayotambulika nje ya chuo pia. ISBN, nambari ya kimataifa ya kitabu, ndiyo rahisi. Kwa vitabu vya Kenya, baada ya 978 utaona 9966 au, kwa vya karibuni, 9914. Kumbuka tu kwamba ISBN hutaja toleo, kwa hiyo toleo jipya la diwani ileile lina ISBN nyingine, na vitabu vingi vya zamani havina kabisa. Kwa vya zamani jaribu nambari ya udhibiti ya Library of Congress. Maktaba hiyo imekuwa na ofisi hapa Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya ukanda huu, na kwa hiyo vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ya sabini na themanini, ambavyo kwingine havikuandikwa popote, vina rekodi kule. Tangu 2008 kila rekodi ina anwani fupi ya kudumu: lccn.loc.gov/ ikifuatwa na nambari. Ukikuta nambari ya zamani yenye kistari, ondoa kistari na ujaze sifuri hadi sehemu ya pili ifike tarakimu sita. 85-2 inakuwa 85000002. Kiungo hicho hakimwambii mwanafunzi kama kitabu kipo chuoni kwenu, lakini kinamthibitishia ni kitabu gani hasa unachokisema, na akakitafute popote.

Kati ya utafutaji na rekodi kuna njia ya tatu, nami nadhani ndiyo itakayokufaa zaidi: orodha. Koha inaruhusu mtu mwenye akaunti kukusanya rekodi kwenye orodha, na orodha hiyo hupata nambari na anwani yake. Ikiwa maktaba yenu inakubali orodha za umma, tengeneza moja ya kozi yako, uweke vitabu unavyovitaka, na kwenye mwongozo uweke kiungo kimoja tu cha orodha. Mwaka ujao ukiongeza diwani, unaongeza kwenye orodha; mwongozo uliokwisha kuchapwa haubadiliki. Rekodi zikiunganishwa au kufutwa utaona pengo lake mahali pamoja badala ya kuwinda viungo vilivyotawanyika kwenye faili.

Tasnifu na makala za chuo ziko kwingine, kwenye hifadhi ya kidijitali, na nyingi hapa nchini hutumia programu iitwayo DSpace. Huko kila kazi hupewa kitambulisho kinachoitwa handle, chini ya mfumo uliobuniwa na shirika la Robert Kahn, mmoja wa mabwana wawili walioasisi itifaki za intaneti. Nia yake ni njema: unatumia hdl.handle.net ikifuatwa na nambari, na hata seva ikihama, mfumo unajua kazi ilikohamia. Lakini nambari ya kwanza, ile iliyo kabla ya mkwaju (/), lazima chuo kiwe kimeisajili. Programu ikisakinishwa huja na nambari ya mfano, 123456789, na kuna hifadhi zilizofunguliwa kwa umma bila ya mtu kuibadilisha. Ukiona kiungo cha tasnifu kinasoma handle/123456789/, kijue kwa hakika: hicho kinafanya kazi kwenye seva hiyo tu, na hakina ulinzi wowote ikihama. Usikiandike peke yake kwenye marejeo ya mwanafunzi.

Makala nyingi za majarida zina DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala, iliyojengwa juu ya mfumo huohuo wa handle, na hiyo itumie popote unapoipata. Makala za JSTOR, hifadhidata ya majarida, zina anwani yenye neno stable ndani yake, nakili hiyo. Kwa hifadhidata za kulipia, mwanafunzi aliye nje ya chuo lazima apitie lango la maktaba. Kiungo sahihi mara nyingi huanza na anwani ya lango, kisha login?url=, kisha anwani ya makala. Usinakili anwani baada ya kuingia, maana hapo jina la seva huwa limechanganywa na la lango, na kwa mwenzako huenda lisifunguke.

Viungo virefu vinachosha, na najua kishawishi cha kuvifupisha kwa huduma za bure. Nakusihi usifanye hivyo kwa kitu kinachotakiwa kuishi miaka mitatu. Google ilikuwa na huduma yake ya goo.gl, mwaka 2019 iliacha kutengeneza viungo vipya, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba vya zamani navyo vitazimwa, kabla ya kulegeza msimamo 2025 kwa vile vilivyokuwa bado vinatumika. Ikiwa kampuni ya ukubwa huo hubadili nia, huduma ndogo haiwezi kukuahidi zaidi. Msimbo wa QR nao una pande mbili: unaobeba anwani ya katalogi moja kwa moja hautegemei mtu, ila ule unaopitia kampuni ya kutengeneza misimbo hufa ukiacha kulipa. Jaribu kwa kusoma anwani inayotokea kabla ya kuufungua. Njia salama ni kuficha kiungo kirefu nyuma ya maneno, "Diwani za Kiswahili katika maktaba yetu", ndani ya Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, au faili ya mwongozo. Ukikiandika wazi, usiweke nukta mara baada yake. Simu nyingine huimeza nukta kama sehemu ya anwani.

Hata ukifanya yote haya, kuna sehemu ambayo haiko mikononi mwako. Kiungo hudumu kwa sababu kuna watu waliokubali kukitunza. Chuo kikibadili jina, kikoa, yaani jina la tovuti yake, hufuata: Kenya Polytechnic University College pale Haile Selassie Avenue ilipokuwa Technical University of Kenya mwaka 2013, na vyuo vingine vingi vilivyopandishwa hadhi mwaka huohuo, ilikuwa ni kazi ya mafundi wa kila chuo kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya. Kazi hiyo ni mistari michache kwenye seva, na pasipokuwa na mtu wa kuidai haifanywi. Kwa hiyo muulize mkutubi wenu wa mifumo mambo mawili kwa maandishi. Je, jina la katalogi litabaki hilihili mkibadili programu? Na mkihama, mtaweka maelekezo kutoka viungo vya zamani? Akijua kuna walimu wanaotegemea anwani zile, atakuwa na hoja ya kuipeleka mbele wakati wa bajeti ya uhamisho.

Na kando ya kila kiungo andika kwa maneno: mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka, nambari ya rafu. Kwa kiungo cha utafutaji andika ulichotafuta, kwa mfano "mada: Swahili poetry, lugha: Kiswahili", pamoja na tarehe uliyokagua mara ya mwisho. Huo mstari mmoja ndio utakaomwokoa mwanafunzi siku seva imelala.

Viungo vyako vya muhula uliopita usivitupe kabla hujavisoma. Vingine vimebeba swali ndani yake japo vimefungwa na nambari ya kikao; tafuta sehemu yenye maneno, ambapo alama ya + mara nyingi husimama badala ya nafasi, ufute kipande cha kikao, ujaribu tena. Cha hifadhi ya kidijitali kinachosoma :8080/xmlui/handle/ kimekufa pengine kwa sababu chuo kimehamia DSpace 7 au ya baadaye, ambayo haina tena sehemu hiyo ya xmlui. Ondoa :8080/xmlui na uache /handle/ na tarakimu zake, na mara nyingi kazi itafunguka. Isipofunguka, bandika anwani ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani. Kurasa za utafutaji huhifadhiwa huko kwa nadra tu, lakini ukurasa wa tasnifu moja huenda upo, nao utakupa kichwa na jina la mtafiti vya kuanzia upya.